Chombo chenye Ubavu Mmoja: Juu ya Usahihi wa Nakala

Katika vichochoro vya Temeke, toka Tandika hata Mtoni, gari hutengenezwa kwa waya. Mtoto huokota waya uliotupwa, akaukunja kwa mkono na kuunyosha kwa jiwe. Hukata magurudumu katika soli ya ndala iliyochakaa. Kisha huunganisha ufito mrefu wenye usukani mwishoni mwake, ili dereva apate kukimbia wima nyuma ya gari lake na kulipindisha kila penye kona. Gari hilo halina injini, halina viti, na mara nyingi halina hata milango. Lakini usukani wake hugeuza magurudumu kwa kweli, na likiwa ni daladala, haliwezi kukosa kibao cha njia. Mwigaji huyu mdogo amechagua. Katika mambo elfu yaliyomo ndani ya gari amechukua mawili au matatu, na waliobaki kichochoroni hukiri kwamba gari ni lile lile walijualo.

Katika nchi za mbali, hasa Marekani, Uingereza na Japani, wako watu wazima ambao hawataki kuchagua. Hawa ni wajenzi wa nakala za vyombo vya angani vilivyoonekana katika sinema za kubuni za kisayansi. Vyombo hivyo havikuwa meli wala ndege. Vilikuwa mifano midogo iliyowekwa mbele ya kamera na kupigwa picha kwa werevu hata ikaonekana mikubwa kuliko mji. Mjenzi wa nakala hutaka kuujenga tena mfano ule kwa kipimo chake, kwa rangi yake, na kwa kila mkwaruzo wake. Ni rahisi kumcheka. Lakini mhakiki akiwahi kucheka atapitwa na swali ambalo ni lake hasa, nalo ni hili: ikiwa nakala ni sahihi, ni sahihi kwa kulingana na nini?

Yafaa kutazama mfano mmoja unaojulikana sana, yaani chombo kiitwacho Enterprise, kilichojengwa California mwaka 1964 kwa ajili ya michezo ya televisheni ya Star Trek, iliyoanza kuonyeshwa Marekani Septemba 1966. Mfano huo una urefu wa futi 11 na inchi 2, na umefanywa kwa mbao, plastiki na bati. Watazamaji waliuona kuwa ni chombo kamili kinachopita kati ya nyota. Walioujenga walijua habari nyingine. Taa zilipotiwa ndani yake, nyaya zilipitishwa ubavu wa kushoto, na kwa kuwa kamera ilitazama upande wa kulia tu, ubavu wa kushoto haukumalizwa. Ilipolazimu chombo kionekane kikielekea upande wa pili, maandishi ya ubavuni yaliwekwa kinyume, kisha picha ikapinduliwa hata yakasomeka sawasawa. Chombo kilichozunguka ulimwengu wote kilikuwa na ubavu mmoja.

Hapo mjenzi wa nakala husimama njia panda. Akiiga kitu chenyewe kama kilivyo, atapata chombo kisichoweza kuzungukwa, ambacho mgeni wake atakiona upande mmoja kuwa kizuri na upande wa pili kuwa kibovu. Akikamilisha ubavu wa kushoto, amejenga kitu ambacho hakikuwapo kamwe isipokuwa katika mawazo ya watazamaji. Na akisema ataiga kile kilichoonekana katika picha tu, atakuta kwamba rangi ya chombo hubadilika kwa taa, kwa filamu iliyotumika, na kwa namna picha zilivyobandikwa moja juu ya nyingine. Kwa hiyo yako maasili matatu, na kila asili humkana mwenziwe.

Wanafunzi watakumbuka vitanda vitatu alivyovitaja Plato katika kitabu cha kumi cha Jamhuri: kitanda kilichomo katika wazo, kitanda cha seremala, na kitanda cha mchoraji. Mfano huo usingekuwa mgeni Keko, Temeke hiyo hiyo, ambako maseremala hupanga vitanda na makochi kando ya barabara, na mteja huja na picha mkononi akataka afanyiziwe kama ile. Picha humwonyesha seremala upande mmoja tu. Upande wa nyuma huubuni mwenyewe, wala mteja hanung'uniki, maana upande huo utaelekea ukutani. Plato alimweka mchoraji chini ya seremala kwa kuwa mchoraji huiga kilichofanywa na seremala. Hakuwaza kwamba siku moja seremala atafanya kitanda kwa kuiga mchoro, na mpango wake wote wa ngazi upinduke.

Habari za Enterprise hazikuishia studio. Mwaka 1974 mfano huo ulitolewa kwa Smithsonian, Washington, na toka hapo ukatengenezwa mara kadhaa. Aliyeutengeneza mwaka 1991 alitia kivuli kizito katika miunganiko ya mabamba, hata mistari iliyokuwa hafifu ikasimama wazi kama mishipa ya jani. Wapenzi wengi wa chombo hicho walilalamika kwamba hicho si kile walichokijua. Katika matengenezo yaliyomalizika mwaka 2016, jumba la makumbusho lilifuata njia nyingine. Lilichagua wakati mmoja, Agosti 1967, likaazimia kukirudisha chombo katika hali ya wakati huo; liliomba watu walete picha za zamani walizokuwa nazo; na kwa rangi liliamini sehemu ya juu ya sahani kubwa ya mbele, ambayo haikuwa imepakwa upya tangu siku za studio. Ubavu wa kushoto uliachwa bila kukamilishwa.

Msomi wa fasihi ya Kiswahili ataijua kazi hii mara moja, kwa kuwa ndiyo kazi ya mhariri wa tenzi. Al-Inkishafi ilihaririwa na Hichens mwaka 1939 na Allen mwaka 1977, na kila anayeshika miswada ya hati za Kiarabu hukutana na maswali yale yale: nakala ipi ifuatwe, ya wakati gani, na pengo lililoachwa na mnakili lijazwe au liachwe wazi? Mhariri anayenyoosha vina vilivyopinda kwa kuwa anadhani mshairi mkubwa hawezi kukosea amekamilisha ubavu wa kushoto. Huenda amefanya utenzi mzuri zaidi, lakini hana haki ya kuuita utenzi wa zamani. Yule mwenye kuacha pengo, akaonyesha kuwa ni pengo, hupendwa na wachache. Nao waliofanya kazi ya mwaka 2016 wamestahili kuhesabiwa upande wake. Hata mfasiri mwenye heshima kubwa hupatwa na hali hii ya kutotosheka na nakala yake: Mwalimu Nyerere alitoa tafsiri yake ya Julius Caesar mwaka 1963, akaipitia tena na kuitoa upya mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari.

Hata hivyo bidii ya wajenzi wa nakala ina kasoro, nayo huonekana vizuri katika vyombo vya Star Wars, sinema iliyotoka mwaka 1977. Mafundi wa sinema hiyo hawakuchonga kila kipande. Walinunua masanduku ya mifano ya kuchezea, ya vifaru vya vita vya pili vya dunia, ya ndege na ya magari, wakavunja vipande wakavibandika juu ya vyombo vyao bila kujali kazi yake ya kwanza, mradi ngozi ya chombo ionekane yenye mambo mengi. Kipande cha kifaru kikawa bomba la chombo cha nyota. Waliokota kilichokuwa karibu, kama vile mtoto wa Temeke aokotavyo ndala. Leo mjenzi wa nakala hukitafuta kipande kile kile, katika sanduku la kampuni ile ile, la miaka ile ile ya sabini, na kingine chochote kwake ni kosa. Alichofanya fundi wa kwanza kwa uhuru na haraka, yeye hukifanya kwa utumwa na kwa miaka. Ameiga kazi iliyokwisha, amepoteza namna ya kufanya kazi.

Kinyume chake kilionekana kwingine. Wanuri Kahiu alipotengeneza Pumzi, sinema fupi ya kisayansi iliyotoka mwaka 2009, alirudi kuzisoma sinema za miaka ya 1950 ajue jinsi mandhari ilivyochorwa na kuwekwa nyuma ya waigizaji. Aliiga njia, hakuiga kitu. Na katika vibanda vya video vya Dar es Salaam, mfasiri alisimama na kipaza sauti akisimulia sinema ya kigeni kwa Kiswahili, akaongeza mzaha na maelezo yake. Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu, alijipatia sifa kubwa kwa sanaa hiyo. Mtu akipima masimulizi hayo kwa usahihi wa neno kwa neno, atayatupa yote. Akiuliza kama waliokaa juu ya mabenchi waliipata hadithi, jibu litakuwa jingine. Si haki, hata hivyo, kumtumia msimulizi kumdharau mjenzi wa nakala. Msimulizi hutumikia watazamaji walio mbele yake leo. Mjenzi hutumikia kitu ambacho hakiwezi kujitetea. Hasara huja pale mmoja anapojidai kufanya kazi ya mwenziwe.

Upo mfano wa pili wa Enterprise, mdogo, wenye urefu wa inchi 33 hivi, uliotangulia ule mkubwa. Ulipotea mwishoni mwa miaka ya 1970 baada ya kuazimwa, na kwa zaidi ya miaka 40 wajenzi waliujua kwa picha tu. Walipima kivuli, walihesabu uwiano, walibishana juu ya unene wa shingo yake. Mwaka 2023 ulionekana ukiuzwa mnadani kwa njia ya intaneti, na Aprili 2024 ukarejeshwa kwa mwana wa Gene Roddenberry, aliyeibuni Star Trek. Tangu siku hiyo kila nakala iliyojengwa kwa kukisia imepata shahidi wa kusimama kando yake, na wenye nakala hizo wamebaki na uamuzi wa kuzibomoa au kuziacha.