Upana wa Kitufe: Juu ya Istilahi za Upimaji katika Programu za Simu

Katika tafsiri na masomo yahusuyo uundaji wa programu za simu, tunaliona neno moja, ukubwa, likitwishwa mzigo wa maneno manne. Upana wa kitufe ni ukubwa. Kimo chake ni ukubwa. Nafasi iliyotengewa kitufe hicho ni ukubwa. Herufi zilizomo nazo zina ukubwa. Wengine hukimbilia saizi wakidhani wamepona, kumbe wamebadili vazi tu. Kipimo nacho hakitoshi, kwa kuwa ni chombo cha kupimia, ni kizio, na ni jawabu lipatikanalo pia.

Katika mfumo wa Android upimaji huenda kwa hatua mbili. Kwanza kila kitufe huulizwa kinahitaji upana na kimo gani. Kisha hupangwa mahali pake, na hapo ndipo hupata upana wa mwisho, ambao huenda ukawa mdogo kuliko ule kilioutaka. Mwandishi wa programu akiuliza upana huo kabla ya upangaji, jawabu ni 0. Amri zenyewe zimetenga hatua hizi kwa majina mawili. Sisi tunazichanganya kwa jina moja, na mwanafunzi hubaki akiishangaa sifuri.

Mchimbaji mdogo wa Rwamgasa au Nyarugusu, mkoani Geita, hachanganyi hivyo. Mawe yakitoka duarani, hutwaa machache, huyatwanga na kuyaosha apate kukisia kama yana kitu. Mgawo wa mawe hufanywa kwa mifuko. Baada ya karasha na mwalo ndipo mizani itaje gramu. Makisio, mfuko na uzito ni mambo matatu, na hakuna mnunuzi alipaye kwa makisio. Kwa mfano huo twapendekeza upana wa makisio kwa hatua ya kwanza, nafasi kwa mahali palipotengwa, na upana halisi kwa kinachoonekana kiooni. Kitendo chenyewe kiitwe upangaji, maana mpangilio limekwisha kutekwa na ule ukurasa wa Mipangilio. Pikseli na ibaki ilivyo.

Wapo watakaosema kuwa haya ni ya mafundi. Lakini tangu M-Pesa ianzishwe nchini na Vodacom mwaka 2008, fedha za watu hupita katika simu, na sasa mwenye duka wa Kahama, mkoani Shinyanga, aweza kukopa au kulipa kwa kugusa kitufe. Kiswahili huweka sehemu kubwa ya maana mkiani mwa kitenzi: kopa na kopesha, lipa, lipia na lipisha. Kitufe kilichofungwa kwa upana wa neno la Kiingereza hukata mkia huo, yaani hufuta nani anampa nani. Kopesha likikatwa hubaki kope, na hapo tumetoka katika fedha tumeingia katika jicho! Thibitisha lina herufi 10 pale ambapo Kiingereza hutosheka na 7. Kanusho, kwa bahati njema, hukaa mwanzoni, hivyo usilipe huponea.

Hali huzidi pale mtumiaji mwenye macho dhaifu akuzapo herufi: upana wa makisio huongezeka, ilhali nafasi, ikiwa imefungwa kwa tarakimu, haiongezeki.

Dawa inayotolewa mara nyingi ni kumtaka mfasiri afupishe. Hatukubaliani nayo. Kumwambia aandike kopa penye kopesha ni kumtaka aseme uongo kwa ajili ya pikseli chache. Programu na ipime neno la Kiswahili lenyewe, kisha ndipo itenge nafasi. Naye mfasiri, badala ya kupewa orodha tupu ya maneno, aonyeshwe nafasi ya kila kitufe na kitufe kilicho jirani yake, apate kujua iwapo lipa na lipisha vitakaa bega kwa bega.