Sauti na Mwili katika Saratoga (1937): Uhakiki Rejelezi

Uhakiki wa Saratoga, filamu ya mapenzi iliyoongozwa na Jack Conway kwa studio ya MGM, umekuwa kwa kiasi kikubwa tanzia. Jean Harlow, aliyeigiza Carol Clayton, alifariki tarehe 7 Juni 1937 akiwa na umri wa miaka 26, kabla upigaji picha haujakamilika. Studio ilifikiria kumpa mwigizaji mwingine nafasi hiyo, mashabiki wakapinga. Ndipo Mary Dees akatumiwa kuwa mwili wake na Paula Winslowe kuwa sauti yake. Tangu hapo filamu hii hutazamwa kwa kutafuta kiraka, na masikio husahauliwa.

Masikio, hata hivyo, yana kazi kubwa hapa. Duke Bradley (Clark Gable) ni mpokea dau katika mbio za farasi. Baba yake Carol amemkabidhi hati ya shamba la Brookvale kwa sababu ya madeni. Carol anataka kulikomboa, ilhali Duke anazinyemelea fedha za mchumba wake tajiri, Hartley Madison (Walter Pidgeon). Mapenzi, kwa hiyo, yanazungumzwa kwa lugha ya rehani. Kipragmatiki, kuweka dau ni tendo-uneni: likishatamkwa na kupokewa, wahusika wamefungwa nalo. Carol analifahamu hilo. Hujibizana na Duke kama mtu anayepatana bei, wala si kama mwari anayebembelezwa, na wepesi wa ulimi wa Harlow ndio unaozuia mhusika huyo asigeuke kuwa sehemu ya mali inayogombewa.

Katika matukio ya Dees, Carol hupigwa picha kwa nyuma, chini ya kofia pana, au uso ukizibwa na darubini uwanjani. Udhaifu wa kiufundi haufichiki. Hasara kubwa zaidi, lakini, ni ya kimajibizano: aliyekuwa akipatana sasa anatazama tu mbio.

Hattie McDaniel, anayeigiza mtumishi Rosetta, amepewa nafasi finyu, kama ilivyokuwa desturi ya Hollywood kwa waigizaji weusi wa enzi hiyo. Hata hivyo, katika wimbo wa ndani ya treni sauti yake na mwili wake vimo pamoja, vikiwa na ucheshi na mamlaka. Mhakiki anayeikodolea macho kofia ya Dees humpita bila kumsikia.