Sitara ya Mama: Kumsoma Annie Ernaux Huku Nikiuguza

Mara ya kwanza kitabu hiki nilikifunga kwa hasira. Nilikuwa nimefika pale Annie Ernaux anapoeleza harufu ya mkojo hospitalini alikolazwa mama yake, nikajiuliza: mtoto gani huyu anayemvua mamaye nguo mbele ya dunia nzima? Sisi wa Tanga tumelelewa kwamba mgonjwa husitiriwa. Mgeni akibisha hodi, mgonjwa ameshaogeshwa, shuka limebadilishwa, udi umefukizwa. Akiuliza anaendeleaje, jibu ni moja tu: hajambo, alhamdulillahi.

Hiyo ilikuwa kabla mama yangu hajaanza kuniuliza mimi ni mtoto wa nani.

Kitabu chenyewe ni kifupi. Kilitoka Ufaransa mwaka 1997 kwa jina la Je ne suis pas sortie de ma nuit, yaani "sijatoka katika usiku wangu". Mimi nimekisoma kwa Kiingereza, I Remain in Darkness, tafsiri ya Tanya Leslie. Ni shajara. Mama yake Ernaux, mwanamke aliyeendesha duka na mkahawa katika mji mdogo wa Yvetot, alipatwa na ugonjwa wa Alzheimer. Mwaka 1983 bintiye alimchukua akae naye. Ikashindikana, akalazwa, na Aprili 1986 akafariki. Kila akitoka kumtazama, Ernaux aliandika alichokiona. Na hilo jina la kitabu ni sentensi ya mwisho aliyoiandika mama mwenyewe, katika barua kwa rafiki yake.

Wengi waliomjua Ernaux alipopata Nobel mwaka 2022, mwaka mmoja baada ya Gurnah wetu, wanakitaja zaidi Une femme, kitabu chake kingine kuhusu mama huyuhuyu. Kile kimetulia: maisha ya mama tangu ujana hadi mauti, sentensi zimepigwa pasi. Shajara haikupigwa pasi, na kwangu ndiyo bora. Ndani yake binti hajui mambo yataishaje. Leo anaona huruma, kesho kinyaa, keshokutwa anajilaumu kwa kinyaa cha jana. Aliyewahi kuuguza anajua ndivyo siku zinavyokwenda.

Nilikirudia kitabu usiku, mama akiwa amelala, ndipo nikaona nilikosea. Anayevuliwa nguo humu zaidi ni binti. Na mimi je, nilikuwa namsitiri nani? Habari za mama mtaa mzima ulikuwa nazo. Vijana wa bodaboda walisharudisha mara mbili nyumbani bibi aliyepotea njia. Tuliokuwa tunajificha ni sisi: mimi niliyempigia kelele alipouliza jambo lilelile mara ya tisa, na kaka anayetuma pesa kila mwezi lakini hapigi simu kwa sababu hawezi kuisikia ile sauti ikimuuliza yeye nani. Tukiulizwa, hajambo. Basi na watu, kwa kuwa hajambo, hawakuja kutupokea zamu.

Kuna kitabu kingine husomwa pamoja na hiki, Iris cha John Bayley, kuhusu mkewe, mwandishi Iris Murdoch. Kina mapenzi na ucheshi mwingi. Hawa wasomi wawili wa Oxford wanakaa wakitazama Teletubbies kwenye televisheni. Nimekipenda, ila kinanikera kwa jambo moja. Kilitoka mwaka 1998, Murdoch akiwa hai na hawezi tena kusema ndiyo wala hapana. Ernaux alisubiri miaka kumi na moja baada ya kumzika mama yake. Kusubiri nako ni sitara.

Hata hivyo, shajara ya Ernaux ina upungufu wake. Ni kitabu cha mtu anayekuja na kuondoka. Nani alimgeuza mama saa nane za usiku? Wahudumu wanapita humu kama vivuli. Nimeliona hilo kwa sababu kwetu anayemjua mama kweli si mimi, ni dada wa kazi. Ndiye aliyegundua kwamba mama hukubali uji akiambiwa umetoka kwa shangazi. Kitabu cha dada huyo ndicho ninachokisubiri, na sijui nani atampa nafasi ya kukiandika.

Lakini kuna kitu Ernaux amenifundisha. Maneno ya mama yake anayaandika kama yalivyotoka, hayasahihishi. Mimi nilikuwa bingwa wa kusahihisha. Mama akiuliza baba karudi, namjibu: "Mama, baba si alishafariki?" Kila nikimsahihisha, anafiwa upya. Siku hizi namuuliza alikuwa mtu wa namna gani, naye anasimulia vizuri, tena kwa utani, na mimi naandika kwenye daftari. Daftari hilo halitachapishwa yeye akiwa hai. Huenda halitachapishwa kabisa.

Kitabu hiki hakikufundishi kuuguza, wala hakikupi pole. Ila kisome, hasa kama nyumbani kwenu kuna mtu ambaye kila mkiulizwa mnasema hajambo.