Hekalu la Mazu kule Tainan: tusiangalie sanamu tu

Wandugu, wengi wakifika hekalu kubwa la Mazu, mungu-mke wa bahari, kule Tainan, Taiwan, wanachoma ubani, wanapiga picha, basi. Mimi naona vile haitoshi.

Lile jengo lilianza kama ikulu ya Zhu Shugui, mtu wa ukoo wa kifalme wa Ming. Mwaka 1683 jemadari wa Qing, Shi Lang, alishinda vita. Masuria watano wa Zhu walijinyonga, naye akafuata. Kisha ile ikulu ikageuzwa nyumba ya Mazu, maana Shi Lang alisema ni yeye njo alisaidia meli zake.

Hapo siasa ilipita kwa akili. Wakaaji wengi walikuwa wamevuka bahari kutoka Fujian, na Mazu ni wa kwao tangu zamani. Nani angekataa mama wa wavuvi? Lakini ukimpokea yeye, umepokea pia serikali iliyomuweka pale.

Kama jengo ninalisifu: vyumba vinafuatana vizuri mpaka nyuma. Kama kumbukumbu, linaegemea upande mmoja. Ndani kuko jiwe la mwaka 1685 lenye kusimulia ushindi wa Shi Lang. Wale wanawake watano, heshima yao kubwa iko pengine, kwa kahekalu kadogo ka Wufei, penye kaburi lao, mule mule Tainan.

Kwa hiyo mwenye kwenda apite pande zote mbili. Mwenye kuishia kwa Mazu anarudi na hadithi ya Shi Lang tu.