Istilahi za Maradhi ya Ulaji: Kukosa Hamu na Kujinyima

Maandishi ya afya kwa Kiswahili yameanza kulishughulikia jambo ambalo zamani halikuandikwa sana, nalo ni uhusiano kati ya namna mwili wa mtoto unavyotumia chakula na maradhi ya ulaji yanayoweza kumpata abalehepo. Juhudi hiyo yastahili sifa. Hata hivyo, baadhi ya istilahi zitumiwazo zina kasoro, na madhara yake humfikia mgonjwa.

Istilahi ya kwanza ni "mmeng'enyo", ambayo baadhi ya watafsiri huitumia kwa maana ya metaboli. Mmeng'enyo ni kazi ya kinywa, tumbo na utumbo. Metaboli ni jumla ya mabadiliko ya kikemia yanayotendeka katika seli zote za mwili: chakula kilichokwisha kumeng'enywa hugeuzwa kuwa nguvu, hujenga mwili, au huwekwa akiba. Mzazi aambiwapo kwamba kasoro ya mwanawe ni ya mmeng'enyo, hatakuwa na budi kutafuta dawa ya tumbo. Neno "metaboli", ingawa ni la kukopa, ni afadhali kuliko neno la kwetu lenye maana nyingine.

Istilahi ya pili ni "kukosa hamu ya kula" kwa maana ya anoreksia. Hapa kosa ni la kurithi. William Gull, tabibu wa London aliyelieneza jina hilo katika maandishi yake ya mwaka 1874, alitumia neno lenye asili ya Kigiriki linalomaanisha kutokuwa na hamu. Lakini wagonjwa wengi huona njaa. Huishinda kwa kuogopa kunenepa. Mtafsiri amefasiri jina, akauacha ugonjwa.

Tuzipime istilahi hizi Mwamgongo, kijiji cha wavuvi kilicho kaskazini ya Gombe, kando ya Ziwa Tanganyika. Mbalamwezi inapong'aa, taa za wavuvi hazivuti dagaa vizuri, na kipato hupungua. Mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa ziwani tangu 15 Mei hadi 15 Agosti. Binti wa miaka kumi na minne akikonda huko, sababu zaweza kuwa nyingi: amekosa chakula, ana malaria au minyoo, amekosa hamu, amefunga Ramadhani, amesusa kwa hasira, au anajinyima kwa hofu ya unene. Kiswahili kina kitenzi kwa kila hali. Mwuguzi akiandika "hana hamu", binti atatibiwa minyoo, na ugonjwa wenyewe utaendelea.

Wala isidhaniwe kuwa maradhi haya ni ya Ulaya pekee. Madaktari wa Kenya waliandika juu yake mwaka 2004, na uchunguzi kuhusu wanawake wa Tanzania ukachapishwa mwaka 2007.

Kwa hiyo twapendekeza "maradhi ya kujinyima chakula". Neno "kujinyima" peke yake halitoshi, kwa kuwa kwetu ni sifa: mzazi hujinyima ili mtoto asome. Likitanguliwa na "maradhi", sifa hiyo huondoka.

Imebaki "hatari". Mwaka 2019 uchunguzi wa urithi wa wagonjwa 16,992 kutoka nchi 17 ulionyesha kwamba asili ya anoreksia inahusiana na akili na metaboli pia. Matokeo kama hayo huongeza au kupunguza uwezekano. Hayamhukumu mtoto yeyote. Kuandika kwamba mtoto mwembamba "yuko hatarini" ni kumtia mama hofu bila sababu. "Uwezekano mkubwa zaidi" ni maneno marefu, lakini ni ya kweli.

Istilahi hizi zifikishwe kwa wauguzi wa zahanati kabla ya kusanifishwa. Wao ndio watakaozitamka mbele ya mgonjwa.