Suala la Wakati katika Filamu ya "Megane"

Ni rahisi kuidhania Megane, filamu ya mwaka 2007 ya Mjapani Naoko Ogigami, kuwa inausifu uvivu. Mhusika mkuu, Taeko, anafika kisiwani na sanduku zito. Wenyeji wake hushinda wakitazama bahari, kitendo wakiitacho tasogareru, neno litokanalo na tasogare, yaani magharibi. Sisi tuna kubarizi, lakini kubarizi hutaka mazungumzo. Hawa hukaa pamoja wakanyamaza.

Hata hivyo, mtazame Bi Sakura achemshapo maharagwe mekundu ya kutia katika barafu yake iliyokunwa: macho hayabanduki sufuriani. Barafu hiyo haiuzwi kwa fedha. Mmoja huleta mboga, mwingine hupiga mandolini, mtoto hutoa karatasi aliyoikunja. Kinachokataliwa, basi, si kazi, bali kazi ipimwayo kwa saa na mshahara. Kwa bahati mbaya msanii haiamini hoja yake vya kutosha: hoteli ya pili, ambako wageni hulimishwa asubuhi na kusomeshwa mchana, ni kikaragosi tu, wala si mpinzani wa kweli. Lakini Taeko anapolitoroka shamba hilo, akapanda baiskeli ya Sakura ya magurudumu matatu na sanduku likabaki njiani, hatulidai.