Mapishi ya Nyumbani Kama Utungo wa Taifa: Mfano wa Masumbwe

Tunapojadili utamaduni wa taifa letu, ngoma hutajwa kwanza, kisha huja hadithi, methali, mashairi na uchongaji. Chakula hukumbukwa mwishoni, na aghalabu hukumbukwa kwa kuliwa. Tangu Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana ilipoundwa mwaka 1962, wasomi wetu wamekusanya nyimbo na masimulizi mengi, nasi twawashukuru kwa kazi hiyo. Lakini maelezo ambayo mama humpa bintiye mbele ya mafiga hayakuhesabiwa kuwa masimulizi. Yalidhaniwa kuwa ni kazi ya mikono tu, ambayo haihusiani na lugha wala fikra. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba dhana hiyo ni potofu, na kwamba mapishi ya nyumbani ni utungo kamili unaostahili kuhakikiwa kama utungo mwingine wowote.

Wahenga walisema: Mchele mmoja, mapishi mbalimbali. Methali hii tumezoea kuitumia katika mambo ya siasa na mabishano, tukasahau maana yake ya kwanza. Yaeleza kwamba malighafi yaweza kuwa moja, na bado kinachotoka kikatofautiana kwa jinsi ya mtendaji. Hili ndilo jambo analolitafuta mhakiki wa fasihi. Maneno ya Kiswahili ni yale yale kwa watunzi wote, bali watunzi hawafanani. Iwapo tunakubali kumpima mshairi kwa namna alivyoyapanga maneno ya watu wote, kwa nini tusimpime mpishi kwa namna alivyovipanga vyakula vya watu wote?

Tuchukue mfano wa Masumbwe. Mji huu uko kwenye barabara itokayo Kahama kwenda Ushirombo na kuendelea hadi mpaka wa Rwanda. Hadi mwaka 2012 ulikuwa katika Mkoa wa Shinyanga. Tangu hapo umo katika Wilaya ya Mbogwe, Mkoa wa Geita. Wenyeji wake ni Wasumbwa, na pamoja nao wanaishi Wasukuma, Wanyamwezi, Waha na wengineo walioletwa na kilimo, ufugaji, biashara na dhahabu. Mahali pa namna hii pana faida kubwa kwa mchunguzi wa mapishi. Mchimbaji aliyetoka mbali huja na koleo lake na kumbukumbu ya chakula cha kwao. Naye mama lishe anayempikia hujifunza kwake, humfunza, na mwisho wake sufuria moja huwa na busara ya makabila matatu.

Chakula kinachofaa kuanza nacho ni kiazi kitamu. Katika nchi ya Usukuma na jirani zake, kiazi hiki huhifadhiwa kwa njia mbili kuu. Ya kwanza ni michembe: viazi humenywa vikiwa vibichi, vikakatwa vipande vyembamba, vikaanikwa juani hadi vikauke kabisa. Ya pili ni matobolwa: viazi huchemshwa kwanza, ndipo vikakatwa na kuanikwa. Michembe huchemshwa baadaye, pengine pamoja na maharage au karanga, au husagwa ikawa unga. Matobolwa yaweza kutafunwa hivyo hivyo shambani au njiani. Kwa hiyo kiazi ambacho kikiachwa kibichi kingeoza kwa muda mfupi hugeuka kuwa akiba ya miezi mingi. Msomaji na atambue kwamba hapa hatuna namna mbili tu za kupika. Tuna namna mbili za kufikiri juu ya wakati: moja yasema, "Nitapika baadaye," na nyingine yasema, "Nimekwisha pika, nitakula baadaye."

Hebu sasa tutazame lugha yenyewe ya maelezo. Katika mapishi ya nsansa, yaani majani ya kunde yaliyokaushwa, mama aweza kumwambia bintiye maneno ya namna hii: "Mwanangu, yaloweke kwanza, kisha yachemshe mpaka yalainike. Tia karanga ulizotwanga, wala usiache kukoroga, maana karanga zina hasira, hufurika. Ukiona mafuta yamepanda juu, ujue zimeiva. Chumvi tia mwisho, kwa kuwa mboga hupungua chunguni. Ukitanguliza chumvi itakuzidi." Maelezo haya hayana gramu wala dakika. Je, yamepungukiwa? La hasha! Kila hatua ina alama yake: ulaini hujulikana kwa vidole, kufurika na mafuta hujulikana kwa macho. Zaidi ya hayo, kila onyo limefuatana na sababu yake. Karanga zimepewa hasira ya binadamu ili anayejifunza asisahau kuzikoroga. Hiyo ni tashihisi, nayo haikuwekwa kwa mapambo. Imewekwa ili mboga isiungue.

Sasa tulinganishe na maelezo tunayoyakuta mara nyingi yakiandikwa kwa mtindo wa darasani: majani kiasi fulani, karanga vikombe viwili, chumvi kijiko kimoja, chemsha dakika thelathini, pakua. Mtindo huu una fadhila zake, nasi hatuna haki ya kuudharau. Humfaa mtu asiye na mama karibu, humfaa apikiaye shule nzima, na huwezesha chakula cha Masumbwe kupikwa Mtwara. Lakini kasoro yake ni kwamba hutoa amri bila sababu. Kuni za mti mmoja haziwaki kama za mti mwingine. Chungu hakipati moto kama sufuria. Majani yaliyokaa ghalani muda mrefu hayalainiki upesi kama yaliyokaushwa juzi. Mpishi aliyefundishwa dakika thelathini hana la kufanya dakika hizo zinapokwisha na mboga ingali ngumu. Aliyefundishwa alama ataendelea kuchochea moto. Basi maelezo bora ya upishi ni yale yenye mambo manne: kipimo, alama, sababu na tahadhari. Masimulizi ya nyumbani mara nyingi huwa na matatu ya mwisho na kupungukiwa la kwanza. Maandishi ya vitabuni mara nyingi huwa na la kwanza tu.

Je, ushairi waweza kusaidia? Tangu zamani watu wetu wametumia vina na mizani kuhifadhi mambo wasiyotaka yapotee. Kwa jaribio, mwandishi ametunga ubeti huu juu ya michembe:

Ving'oe toka shambani, viazi vilivyo tele,
Vinywee humo nyumbani, kisha menya polepole,
Kata, anika juani, usiku nje visilale,
Michembe ndiyo akiba, ya njaa isiyo hodi.

Mwanafunzi akiuhakiki ubeti huu ataona kwamba umehifadhi utaratibu: kung'oa, kuacha vinywee, kumenya, kukata, kuanika. Umehifadhi pia tahadhari ya umande. Lakini hausemi vipande viwe na unene gani, wala haumwambii mtu atajuaje kwamba vimekauka. Jambo hilo la mwisho hujulikana kwa sikio: kipande kikivunjwa na kutoa mlio mkavu, kiko tayari kwa ghala, kikipinda bila kuvunjika, kirudi juani, la sivyo kitaota ukungu. Kwa hiyo ubeti hauchukui nafasi ya mwalimu aliyeketi karibu. Kazi yake ni kumkumbusha mtu yale aliyokwisha onyeshwa.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo madogo, na kwamba mtu akikosea chumvi hapati hasara kubwa. Kwao nawatajia mhogo mchungu. Mhogo huu una sumu ya sianidi, nayo huondolewa kwa hatua ambazo wazee wetu walizijua bila maabara: kumenya, kuvundika au kuloweka, kukausha vizuri, ndipo kusaga. Mwaka 1985, wakati wa ukame, katika Wilaya ya Tarime uliripotiwa mlipuko wa ugonjwa uitwao konzo, ambao hupooza miguu ghafla na kumwacha mgonjwa na ulemavu wa maisha. Watafiti walioeleza habari hizo mwaka 1990 waliuhusisha na kula mhogo mchungu ambao haukutayarishwa kikamilifu. Njaa ilifupisha maelezo ya upishi. Wenye njaa hawakuweza kungoja siku ambazo utaratibu wa kale uliwataka wangoje. Basi na tufahamu kwamba hatua ionekanayo kuwa mazoea ya vikongwe yaweza kuwa ndiyo ukuta uliosimama kati ya mlaji na sumu. Anayefupisha mapishi bila kujua sababu ya kila hatua anabomoa ukuta asioujua umejengwa kuzuia nini.

Hapo ndipo tunapoona thamani ya kupika kwa furaha. Mtu apikaye kwa dhiki hurudia alilozoea au hufupisha. Mtu apikaye kwa kujifurahisha, siku ya mapumziko au siku ya mgeni, ana nafasi ya kuuliza na kujaribu: michembe ikipikwa kwa maziwa itakuwaje? Nsansa ikitiwa dagaa badala ya karanga je? Watoto nao katika mchezo wao wa kupikapika kwa vifuu na majani hujifunza mpangilio wa kazi kabla hawajaruhusiwa kuugusa moto. Furaha hii, basi, si anasa. Ni karakana ambamo mapishi hutengenezwa upya wakati wa shibe, ili yawe imara wakati wa njaa. Tena mapishi yana sifa ambayo dhahabu ya Geita haina: anayempa mwenziwe dhahabu hubaki pungufu, bali anayempa jirani mapishi yake hubaki nayo yote, na pengine hurudishiwa yakiwa yameongezewa ladha.

Yafaa pia tukanushe kasumba moja. Vijana wetu wengi, hasa waliopata elimu ya bweni, huona haya kumkaribisha mgeni kwa michembe. Kwao chakula cha heshima ni pilau na biriani, na vyakula vya bara ni vya njaa na umaskini. Mapishi ya pwani ni fahari yetu sote, wala hatuna sababu ya kuyapunguzia sifa. Lakini heshima ya pilau haikutokana na mchele peke yake. Ilitokana na watu walioipika kwa bidii, wakaisimulia, wakaiandalia arusi na sikukuu. Michembe imenyimwa simulizi tu. Wala asije mtu akasema kwamba tunatetea vitu vya asili visivyochanganyika na vya kigeni. Kiazi kitamu, mahindi, mhogo na karanga, vyote asili yake ni Amerika. Mimea hiyo ilifika kwetu kama mgeni. Kilicho chetu ni akili iliyoigeuza kuwa matobolwa, ugali na mchuzi wa karanga. Utamaduni wa taifa haupimwi kwa mahali mbegu ilikotoka. Hupimwa kwa kazi ambayo watu wameifanya juu ya mbegu hiyo.

Jirani zetu wamekwisha tambua jambo hili. Mwaka 2017 nsima ya Malawi, ndugu wa ugali wetu, iliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Mwaka 2021 juhudi za Kenya za kuhifadhi vyakula vya jadi, ambazo ziliwashirikisha wanafunzi wa shule za msingi katika kukusanya habari, zilitambuliwa na shirika hilo hilo kuwa mfano mwema. Sisi nasi tulipata kuwa na moyo huo. Mwaka 1975 kampeni ya Chakula ni Uhai iliwakusanya watu vijijini katika vikundi vya kusikiliza redio na kujadiliana juu ya lishe. Kampeni ile ilikitazama chakula kama afya, na ilikuwa sawa kufanya hivyo. Iliyobaki ni kazi ya kukitazama chakula kama fikra na lugha. Chungu twaweza kukihifadhi katika makumbusho kama yale ya Wasukuma yaliyoko Bujora. Lakini maneno yaliyosemwa juu ya chungu hicho hayahifadhiki kwenye kabati. Mwenye nayo akifariki, yamekwenda naye.

Kwa hiyo walimu wa Kiswahili na wa sayansi kimu wangefaa kushirikiana. Kila mwanafunzi, mvulana kwa msichana, na aende likizo akiwa na kazi ya kuandika pishi moja la nyumbani kwao kwa maneno ya mpishi mwenyewe, bila kuyasafisha. Kisha darasa lihakiki: kipimo kiko wapi? Alama ni ipi? Sababu imetajwa? Tahadhari je? Palipo na pengo, mwanafunzi arudi kwa bibi yake kuuliza. Hatimaye pishi lipikwe na kuonjwa, kwa maana utungo huu ndio pekee ambao hukumu yake ya mwisho hutolewa na ulimi. Nasema mvulana kwa msichana kwa sababu kambi za wachimbaji zimejaa vijana wa kiume walioondoka nyumbani bila kujua hata kuloweka nsansa, nao hulipa kila siku kwa ujinga huo.

Bibi anayejua unene wa kipande cha michembe kwa kukishika tu hatadumu milele, na wajukuu wake wengi wako mijini. Kazi ya kumwuliza ni ya leo, na iliyo karibu naye zaidi ya ofisi yoyote ya utamaduni ni shule ya kijiji chake.